Kupaka rangi makochi

Kupaka rangi makochi ni njia ya kulipa sura mpya kochi lililochakaa kwa kupaka rangi juu ya kitambaa, ngozi bandia au mbao zake, bila kuondoa kitambaa cha zamani na kulivisha kingine. Njia hii hutumika pale ambapo mwili wa kochi bado ni mzima lakini uso wake umepauka au umeingia madoa. Ni tofauti na kuvisha kochi upya, kazi ambayo nchini Tanzania hufanywa na fundi makochi kwa kubadilisha kitambaa na mara nyingi sponji pia.

Kazi hii huhitaji fedha kidogo na vifaa vichache, lakini si rahisi kuirudisha nyuma. Kitambaa kilichopakwa rangi isiyokifaa hukakamaa, hupasuka na kuchafua nguo za wanaokikalia. Hapo mwenye kochi hulazimika kununua kitambaa kipya, yaani gharama ileile aliyotaka kuikwepa, juu ya fedha aliyokwisha kutumia kwa rangi. Kwa sababu hiyo kulikagua kochi na kuchagua rangi ni sehemu muhimu kuliko upakaji wenyewe.

Jina na maana

Neno kochi (wingi: makochi) limetoka katika lugha ya Kiingereza. Neno sofa, ambalo hutumika kwa maana hiyohiyo, lina asili ya Kiarabu na limeenea duniani kupitia lugha za Ulaya.

Neno rangi katika Kiswahili lina maana tatu ambazo hufaa kutenganishwa katika kazi hii:

- Rangi kama sura inayoonekana kwa macho, kwa mfano nyekundu, kijani au kahawia.
- Rangi ya kupaka, yaani mchanganyiko unaobaki juu ya kitu na kukauka ukawa utando. Mifano ni rangi ya maji ya ukutani na rangi ya mafuta ya milango na madirisha.
- Rangi ya kutia, yaani ile inayoingia ndani ya nyuzi na kushikamana nazo bila kufanya utando. Mifano ni rangi ya batiki na rangi inayotiwa ukindu kabla ya kusuka mikeka.

Makosa mengi hutokana na kuchanganya maana ya pili na ya tatu. Rangi ya mafuta ikipakwa kwenye kitambaa hukifanya kigumu kama gome la mti. Rangi ya batiki ikiwekwa juu ya ngozi bandia haipenyi, hivyo hufutika kwa kitambaa kibichi.

Historia

Katika eneo la Usukuma, kama katika sehemu nyingine za bara, viti vya asili vilikuwa vigoda vilivyochongwa kutoka gogo moja la mti. Kiti cha mtemi kilikuwa alama ya mamlaka. Katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na jiji la Mwanza, kuna jengo lililojengwa kwa kufuata umbo la kiti hicho.

Makochi yenye kitambaa na vijazio yaliletwa na Wazungu wakati wa ukoloni, yakatumika kwanza katika nyumba za maofisa na za misheni. Baadaye maseremala wa Kiafrika walianza kuyatengeneza, na seti ya makochi ikawa sehemu ya kawaida ya sebule mjini na vijijini. Vijazio vya zamani vilikuwa vya asili, kama vile sufi, nyuzi za makumbi ya nazi na mabaki ya pamba.

Mwaka 1937 mkemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani. Katika miaka ya 1950 kemikali hiyo ilianza kutumika viwandani kutengeneza sponji laini, ambayo baadaye ilichukua nafasi ya vijazio vya asili katika magodoro na makochi.

Kupaka vanishi kwenye mbao za makochi ni desturi ya siku nyingi. Kupaka kitambaa chenyewe ni jambo la karibuni zaidi. Mwaka 1990 Mwingereza Annie Sloan alibuni rangi aliyoiita Chalk Paint kwa ajili ya samani za mbao, na baadaye ikajulikana kuwa ikizimuliwa kwa maji huweza kupakwa hata kwenye vitambaa. Tangu hapo njia hii imeenea katika nchi mbalimbali, pamoja na matumizi ya rangi nyingine za maji.

Hali ya Tinde na Shinyanga

Tinde ni kata ya Wilaya ya Shinyanga Vijijini katika Mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Iko penye njia panda: barabara kuu inayotoka Nzega hugawanyika hapo, moja ikielekea Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine ikielekea Isaka, Kahama na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Mambo matatu katika eneo hili yanahusu moja kwa moja uhai wa makochi.

La kwanza ni hali ya hewa. Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu chenye vumbi jingi. Chembe za vumbi hujipenyeza kati ya nyuzi za kitambaa na kila mtu anapokaa huzisaga kama msasa. Jua linaloingia dirishani nalo hupausha upande mmoja wa kochi kabla ya mwingine. Kiangazi ni wakati mzuri wa kukausha rangi, lakini vumbi likitua juu ya rangi mbichi hunasa humohumo. Kazi hufanyika vizuri zaidi asubuhi kabla ya upepo, mahali penye kivuli na palipomwagiwa maji kidogo chini.

La pili ni mapato. Kaya nyingi hutegemea pamba, mpunga, mahindi na mifugo, na wengine hutegemea ujira wa migodini. Fedha ya mavuno huja mara moja kwa mwaka na ina mambo mengi ya kufanya: mahitaji ya shule, bati, mbegu za msimu ujao. Kochi jipya huwa mwishoni mwa orodha, na hapo ndipo swali la kulitengeneza la zamani hujitokeza.

La tatu ni mbao. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilipoteza miti yake katika karne ya 20 kwa sababu ya kufyeka mapori ili kuondoa mbung'o, kilimo cha pamba, wingi wa mifugo na ukataji wa kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ambao ulihimiza kurudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma. Mninga, ambao jina lake la kisayansi ni Pterocarpus angolensis, hukua katika misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, na ni mti unaokua polepole. Fremu ya zamani ya mninga kwa hiyo ni mali. Kuitupa kwa sababu kitambaa chake kimepauka ni hasara kwa kaya na kwa misitu pia.

Kukagua kochi

Kabla ya kununua rangi, kochi hukaguliwa kuanzia ndani kwenda nje.

Fremu: Kochi huinuliwa kwa pembe moja. Likijipinda au kulia, maungio yake yamelegea na yanahitaji gundi ya mbao na misumari au skrubu. Unga laini chini ya kochi ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao, na udongo kwenye miguu ni dalili ya mchwa.

Mikanda na springi: Huangaliwa kwa kulipindua kochi na kufungua kitambaa cha chini. Baadhi ya mafundi hutumia mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka mipira ya ndani ya matairi. Mpira huo hupasuka unapozeeka.

Sponji: Hubonyezwa kwa kiganja. Isipoinuka tena imekufa, na rangi haitasaidia kitu.

Kunguni: Hutafutwa kwenye mishono na mikunjo. Rangi haiwaui wale waliojificha ndani, nao wanaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Kochi lenye kunguni lisipakwe mpaka litibiwe.

Kitambaa: Huvutwa kwa vidole viwili. Kikipasuka au nyuzi zikiachana, dawa yake ni kukibadilisha.

Ikiwa kitambaa ni kizima, majaribio mawili huonyesha kama kitapokea rangi. La kwanza ni tone la maji: likinywewa, rangi itashika, likikaa juu kama umande, haitashika vizuri. La pili ni kuchoma uzi mmoja uliochomolewa sehemu iliyofichika, ukishikwa kwa koleo mbali na kochi na mbali na vitu vinavyowaka. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Vitambaa vyenye manyoya, kama mahameli, havifai kupakwa, kwa sababu manyoya hugandana na kuwa makali kwa ngozi.

Namna ya kupaka kitambaa

Rangi inayofaa ni rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya vitambaa, au rangi ya maji ya kawaida iliyochanganywa na dawa ya kulainisha ya vitambaa. Dawa hiyo haipatikani katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Bila dawa hiyo utando wa rangi huwa mgumu, hata kama rangi ni ya bei kubwa.

Lita 1 ya rangi ya maji hutosha takribani mita za mraba 10 za ukuta laini kwa mkono mmoja. Kitambaa hunywa zaidi ya ukuta, hivyo makadirio ya ukutani hayatoshi.

Hatua za kazi ni hizi:

1. Kochi hupigwa na kusuguliwa kwa brashi kavu ili kutoa vumbi, hasa kwenye mishono. Kisha hufutwa kwa maji ya sabuni kidogo, halafu kwa maji matupu, na kuachwa likauke kabisa.
2. Rangi hujaribiwa mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kochi, na kuachwa siku nzima. Sehemu hiyo ikikunjwa na kusuguliwa kwa kitambaa cheupe kibichi, isipasuke wala kuachia rangi.
3. Mbao, miguu na sakafu hufunikwa kwa magazeti au nailoni.
4. Kitambaa hulowanishwa kidogo kwa maji ya kunyunyizia ili rangi iingie kati ya nyuzi.
5. Mkono wa kwanza huzimuliwa kwa maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa, ukapakwa kwa brashi laini.
6. Baada ya kukauka kabisa, kwa kawaida siku moja, uso husuguliwa taratibu kwa msasa laini sana ili kuondoa ukakasi, na vumbi lake hufutwa.
7. Hufuata mkono wa pili na ikibidi wa tatu, yote ikiwa myembamba. Mkono mmoja mzito hupasuka mapema.
8. Kochi huachwa siku kadhaa bila kukaliwa.

Mavazi ya mito yanayovuliwa yakipakwa rangi ya vitambaa hupigwa pasi upande wa ndani baada ya kukauka, kwa kufuata maelezo ya kopo, ili joto liimarishe rangi.

Ngozi bandia

Ngozi bandia, ambayo mafundi wengi huiita leza, ina uso wa plastiki usionywa maji. Husafishwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya mikono na ya nywele, husuguliwa kidogo kwa msasa laini, kisha hupakwa kwa sponji rangi ya maji inayonyumbuka iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi au plastiki.

Rangi ya mafuta haifai. Plastiki laini ya aina ya PVC ina vilainishi ambavyo hupanda polepole hadi kwenye rangi hiyo na kuifanya inate, hata baada ya wiki nyingi, na nguo za mkaaji hunasa. Ngozi bandia iliyoanza kubanduka vipande nayo haiokolewi kwa rangi, kwa kuwa rangi hubanduka pamoja na vipande hivyo.

Sehemu za mbao

Katika makochi mengi ya Tanzania mikono, miguu na taji ya juu ni mbao zinazoonekana. Hizi hurudishiwa sura kwa gharama ndogo kuliko sehemu nyingine yoyote. Vanishi ya zamani huondolewa kwa msasa wa namba 120, kisha wa 180 au 240, mkono ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Mashimo hujazwa puti. Hufuata sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, halafu mikono miwili au mitatu ya vanishi, na msasa laini kati ya mkono na mkono.

Mbao ngumu kama mninga hupakwa vanishi isiyo na rangi ili umbile lake lionekane. Mbao za paini ambazo ni nyeupe hupakwa rangi ya kahawia au hufunikwa kabisa kwa rangi ya mafuta.

Kutia rangi mavazi ya mito

Mahali ambapo mito ina mavazi ya pamba yenye zipu, kuyatia rangi ni bora kuliko kuyapaka, kwa sababu kitambaa hubaki laini. Mafundi wa batiki wana ujuzi wa kazi hii. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa taasisi zinazofundisha kazi za mikono za aina hiyo nchini.

Rangi ya kutia huweza kugeuza rangi hafifu kuwa nzito, lakini si nzito kuwa hafifu. Poliesta haipokei rangi za pamba; viwandani hutiwa rangi ya aina nyingine katika joto la takribani sentigredi 130, jambo lisilowezekana katika sufuria ya kawaida. Kitambaa cha pamba huweza pia kusinyaa, hivyo kila vazi hupimwa kabla na baada ya jaribio la kufuliwa kwa maji ya moto.

Usalama

Madini ya risasi: Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za zamani na zile zenye rangi kali za njano, nyekundu na machungwa, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaponi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa katika rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Makochi ni hatari ya pekee kwa sababu watoto wadogo hung'ata mikono yake na kulala juu yake. Rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu. Hulowanishwa kwanza, watoto hukaa mbali, na mabaki hukusanywa badala ya kufagiwa uani. Kopo jipya linunuliwe likiwa na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mvuke: Tina na vanishi hutoa mvuke unaoumiza kichwa na mapafu na unaowaka moto haraka. Kazi hufanywa nje au milango ikiwa wazi, mbali na jiko la mkaa.

Moto: Sponji ya poliyurethani huungua kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu, zikiwemo kabonimonoksidi na sianidi ya hidrojeni. Rangi haiikingi. Mshumaa, kibatari au sigara visiwekwe juu ya mkono wa kochi.

Magadi kostiki: Hutumika katika baadhi ya rangi za batiki na huunguza ngozi na macho. Hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu yake. Glavu ni lazima. Maji yaliyotumika yasimwagwe karibu na kisima au lambo.

Makopo: Makopo ya rangi na tina yasitumike baadaye kuchotea maji wala kuhifadhi chakula.

Mipaka yake na nafasi ya fundi

Rangi hubadilisha uso tu. Haikazi maungio, haiinui sponji wala haishoni palipochanika. Kochi bovu lililopakwa rangi huonekana jipya kwa muda mfupi, na mnunuzi wa samani zilizotumika anashauriwa kubonyeza sponji na kuinua pembe ya kochi kabla ya kuvutiwa na rangi yake.

Sehemu zinazosuguliwa sana, yaani kalio la mito na mikono, ndizo huchakaa kwanza hata rangi ikipakwa vizuri. Kwa hiyo kuna njia ya kati inayounganisha kazi mbili: mgongo, ubavu na nyuma ya kochi hupakwa rangi, mbao hupigwa vanishi, na fundi makochi hununuliwa kitambaa kipya cha mito ya kukalia peke yake. Kitambaa kinachohitajika hupungua sana, sponji iliyokufa hubadilishwa wakati huohuo, na fundi hapotezi kazi yake. Vitambaa vya kufuma ambavyo kwa desturi hutandikwa kwenye mikono na migongo ya makochi huikinga rangi dhidi ya jasho, mafuta na jua, na vyenyewe hufulika.

Ufundi wa kuvisha makochi hujifunzwa zaidi karakanani, kijana akikaa na fundi. Useremala hufundishwa pia katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Tazama pia

- Batiki
- Mninga
- Samani
- Seremala
- Tinde